Yule wa Jumanne

Kwenye kituo kile cha redio ya vijana kulikuwa na msichana aliyeitwa Kimya, na jina hilo alipewa na mtu mwenye makelele kuliko wote waliowahi kuzaliwa na mwanamke. Mtu huyo alikuwa mtangazaji, naye wenzake walimwita Kelele, kwa hiyo hakuna aliyemwonea mwenziwe. Kelele alikaa mbele ya maiki. Kimya alikaa nyuma ya kioo na kompyuta yake, hedifoni masikioni, akikata kikohozi hapa, akipunguza mwangwi pale, na kuinua kiganja kila watu walipotakiwa kufunga midomo. Kazi yake ilikuwa kufanya wengine wasikike. Yeye mwenyewe ungeweza kukaa naye chumba kimoja kutwa nzima ukasahau kwamba kuna mtu.

Studio ilikuwa chumba cha nyuma cha jengo lililowahi kuwa ghala la vitabu vya shule. Kuta walizifunika kwa magodoro makuukuu, mlango wakaupigilia zulia, dirisha wakaliziba kabisa, basi wakitoka humo mchana walikuwa wanapepesa macho na kugongana. Siku nyingine zote zilikuwa za muziki na mpira, lakini Jumanne jioni ilikuwa ya kipindi cha virusi vya ukimwi. Kipindi kikishakwenda hewani, Kimya alikiweka mtandaoni kama podikasti, ili aliyekikosa, au aliyeogopa kukisikiliza mbele ya watu, akisikilize kwenye simu yake akiwa peke yake, amejifunika shuka kama anataka.

Kipindi kilianza vibaya. Mtaalamu wa kliniki alikuja akaeleza vizuri mambo ya kupima na mambo ya dawa, na watu wakahamia kwenye mpira. Wasikilizaji walitaka mtu. Walitaka kumsikia mwenyewe anayeishi navyo akisema nilipimwa, nikalia, nikaanza dawa, na niko hapa. Vijana hao walikuwapo, tena walikuwa na mengi ya kusema, ila ukiwasogezea maiki tu ulimi unagoma.

"Mjomba atanijua," mmoja alisema. "Hata mkiipinda sauti vipi, atanijua ninavyovuta maneno."

Ndipo Kimya, ambaye wazo lake ulikuwa unalivuta kwa koleo, akasema, "Basi wanisimulie mimi. Nitayasema kwa niaba yao, halafu sauti yangu nitaishusha."

Kelele alimshangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Asichokijua ni kwamba simulizi la kwanza halikuletwa na mtu yeyote. Kimya alijifungia studio peke yake, akawasha maiki, akasema la kwake. Alisema alivyozaliwa navyo. Alisema alivyomeza dawa tangu hajui kusoma, akiambiwa ni za kumpa nguvu, mpaka alipojua kusoma na kopo likamwambia kile ambacho wakubwa walishindwa kumwambia. Alisema alivyoziacha kwa hasira, akaugua, akazirudia, na kwamba sasa kipimo hakivioni tena virusi kwenye damu yake kwa sababu haruki dozi. Ya baba yake na mama yake aliyaacha. Halafu akaishusha sauti kwenye kompyuta, kidogo kidogo, na ilipofika mahali fulani mwili wote ukamsisimka.

Ilikuwa sauti nzito, ya polepole, si ya mwanamke na si ya mwanamume kamili. Haikuwa na ukelele wa mashine. Ilikuwa sauti ya mtu, na mtu huyo hakuwa yeye. Kimya aliogopa, na papo hapo akaipenda, na alipozima kompyuta alijikuta anageuka nyuma kutazama kiti cha wageni. Kilikuwa kitupu, bila shaka. Akaihifadhi ile sauti, na wiki zilizofuata kila simulizi aliloletewa alilisema kwa sauti ile ile.

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo wangeweza kulifanya wao tu, watu wa kuishi ndani ya magodoro. Kelele alikuwa akitangaza kila mara kwamba sauti imebadilishwa. Hakuna aliyekumbuka kutangaza kwamba waliosema ni wengi.

Mji ukasikia sauti moja, ukaamua ni mtu mmoja. Wakamwita Yule wa Jumanne. Mwanzoni lilikuwa jambo la kuchekesha. Watu walipiga simu kulalamika: wiki iliyopita Yule wa Jumanne alisema hana mtoto, leo anao mapacha, juzi alikuwa dereva, leo amegeuka mwanafunzi, kulikoni? Mwingine akasema mtu huyo ana maisha mengi kama paka. Kelele alicheka hewani, na kwa sababu wasikilizaji walizidi kuongezeka na kliniki ikasema wanaokuja kupima wameongezeka, hakuna aliyeona haja ya kuharibu.

Kimya peke yake hakucheka. Sauti ile ilikuwa imetoka studio na sasa ilikuwa inatembea mjini bila yeye. Alikutana nayo kwa kinyozi, mlango wazi, wembe ukiendelea kukwaruza kichwa cha mtu. Alikutana nayo kwenye duka la simu, ikitoka kwenye spika iliyopasuka. Ilikuwa inasema maneno yake, na yeye anapita pembeni akiangalia chini, na kila mara alikuwa na hisia kwamba inajua kuwa anapita. Baadaye ikaanza kumfuata hata mahali pasipo na redio. Akifua, inasema. Akihesabu vidonge vyake asubuhi, inahesabu naye, nyuma kidogo ya sikio. Aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia, maana angeanzia wapi?

Nyumbani alikuwa na mama tu. Mama yake alikuwa mpiga pasi kwenye nyumba ya wageni, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye madoa ya moto, na redio yake ndogo aliitundika msumarini juu ya meza ya pasi na kuisikiliza siku nzima. Kila Jumamosi kipindi kilirudiwa, na siku hiyo mama alileta nyumbani shuka za kazini. Kimya alikuwa akimtazama. Sauti ikianza tu, mama anasimamisha pasi wima, anatoka nje, anakaa nyuma ya nyumba mpaka kipindi kiishe. Kimya alidhani anakimbia ile habari yenyewe. Mama naye alikuwa navyo, na siku Kimya alipopata kazi redioni walikaa kitandani wote wawili, mama akamshika mkono akasema, "Wasaidie wenzako, mwanangu, sikukatazi. Lakini la kwako usiliseme. Ukisema lako umesema langu."

Kimya aliapa. Na alipokwenda kulisema kwa sauti ya kuazima alijipoza kwamba hajavunja kiapo, amekikunja tu.

Kicheko cha mjini kilipokwisha likaja lile linalokuja siku zote, watu wakataka kumjua. Si kwa ubaya, walisema, tumjue tu. Na kwenye mtaa wa nyuma ya sokoni kulikuwa na fundi cherehani, mwanamke mjane, ambaye koo lilimuuma vibaya utotoni likamwachia sauti nzito yenye mikwaruzo. Mteja mmoja alisimama mbele yake akipimwa kiuno, akamsikia akisema "vuta pumzi", na pale pale akapata jibu la mji mzima. Kufika jioni habari ilikuwa imemaliza mtaa.

Fundi alikuwa na mazoea ya kushika pini mdomoni anapompima mtu nguo mwilini. Pini hizo ndizo zilizomponza. Pini za mdomo wa mtu mwenye virusi! Watu ambao kila Jumanne walisikia kwamba virusi havikai kwenye mate wala kwenye pini ya nguo, walisikia hayo, wakaitikia, kisha wakachukua vitambaa vyao wakavuka barabara. Hapo msimuliaji nina neno moja: sikio la binadamu ni mlango wa duka, linafunguliwa kwa bidhaa linazozitaka. Sare za shule zilizoshonwa zikabaki zimening'inia dukani bila wenyewe. Bibi harusi akatuma mtu kufuata kitambaa, na mtu huyo akakipokea kwa mfuko. Mwenye nyumba akaanza kupita pita akisema kwamba chumba kile kuna ndugu yake anakitaka.

Kelele alisikia akaumia, maana pamoja na kelele zake alikuwa na moyo. Akatangaza hewani, kwa hamaki, kwamba Yule wa Jumanne si fundi yeyote wa mji huu. Ikawa mafuta kwenye moto. Kama si yeye, watu walisema, mbona wanamtetea?

Siku ya pili fundi akaja studio mwenyewe. Alipiga hodi kwenye mlango wa zulia, hodi ambayo haisikiki, akalazimika kuusukuma. Kimya alikuwa peke yake. Fundi alitazama magodoro ukutani, akaona mshono wa godoro moja uliofumuka, na mkono ukamwenda huko kama vile angetaka kuurudisha.

"Wewe ndiye unayezitengeneza hizi sauti?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Sikuja kugombana. Jirani ananishauri nikapime, nibandike cheti mlangoni. Nimemwambia sibandiki. Kama ninavyo au sinavyo, hilo ni langu na daktari wangu. Na nikikibandika mimi, yule asiyeweza kubandika mtamfanya nini?" Akameza mate kwa taabu, kama koo lenyewe lilikuwa limechoka kushtakiwa. "Ninachotaka ni kitu kimoja. Sauti ile si yangu. Mwenye nayo aseme, basi. Mimi nimeshona mji huu tangu watu wazima wake wakiwa watoto. Sijui kazi nyingine."

"Tutajaribu, mama," Kimya alisema.

Fundi alimtazama kidogo. "Mnajaribu nini? Hamumjui?"

Kimya alisema hapana, hawamjui. Neno lilimtoka jepesi, na fundi akaaga kwa heshima akaondoka. Mlango ulipofunga, ile sauti nyuma ya sikio ikarudia neno lile lile, hapana, polepole, kwa uzito wake wote. Kimya alikaa chini kwenye sakafu akalia.

Lililomsukuma hasa lilitokea wiki hiyo kliniki. Alikuwa kwenye benchi akisubiri dawa, na kando yake mama mmoja wa makamo naye akisubiri dawa, dawa zile zile. Mama huyo alikuwa anasikiliza podikasti kwenye simu, sauti chini. Akamsogelea Kimya akamnong'oneza, kwa ukarimu, kama anayegawa karanga, "Huyu namjua mimi. Ni fundi wa kule sokoni. Sipeleki tena nguo kwake." Mikononi alikuwa ameshika kadi yake ya kliniki. Kimya alimtazama yule mama na kadi yake, akaona pale hofu ilipofika, kwamba hata wenye virusi sasa wanamkimbia fundi ili wasionekane naye. Halafu akakumbuka kwamba gauni jipya la mama yake mzazi, lile la kijani, limeshonwa mtaa wa mbali, wakati miaka yote mama alikuwa mteja wa fundi huyo huyo. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka.

Jumatatu jioni alimkuta mama anapiga pasi foronya.

"Mama, kesho nitasema. Kwa sauti yangu."

Pasi ilikwenda ikarudi.

"Fundi anafukuzwa chumba, mama. Kwa sababu yangu."

"Najua anavyofukuzwa." Mama alikunja foronya, akaikunja tena, ikawa ndogo kupita kiasi. "Mimi sikuzuii. Wewe ni mtu mzima. Ila usinitaje. Waulize waulizavyo, usinitaje."

"Wataelewa wenyewe, mama. Nikisema nilizaliwa navyo..."

"Najua wataelewa nini," mama alisema, akavuta foronya nyingine.

Jumanne ikafika. Saa ya kipindi Kimya alitoka nyuma ya kioo, akamgusa Kelele begani, akamwonyesha kiti cha kompyuta. Kelele alitaka kuuliza, akauona uso wake, akahama. Muziki wa kufungulia ukaisha. Kimya alikaa mbele ya maiki ambayo alikuwa ameifuta vumbi kila siku na hakuwahi kuongea mbele yake mtu akisikiliza. Mikono yake akaikalia.

"Jina langu la kazini ni Kimya," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kitoto karibu. "Huwa nakaa nyuma ya kioo, hamnijui. Nina virusi vya ukimwi. Nilizaliwa navyo, nameza dawa, sijambo. Yule wa Jumanne ni mimi. Simulizi la kwanza lilikuwa langu. Mengine nilipewa na vijana wenzangu, wengi, wanaoogopa kama nilivyoogopa. Fundi hajawahi kusema kwenye maiki hii. Alikuja hapa akaniuliza mwenye sauti ni nani, nikamwambia simjui. Nilimdanganya."

Akamfanyia Kelele ishara. Kelele akaishusha sauti, hewani, watu wakisikia.

"Mtu mliyekuwa mnamtafuta," ilisema ile sauti nzito, "ndiye huyu."

Ikapandishwa tena. "Na ndiye huyu," alisema Kimya.

Simu zikalipuka. Kelele akaifungua ya kwanza, na mwanamume mmoja akacheka. "Mnatuona watoto. Mmemlipa fundi wenu fadhila, mmemleta kibinti asome. Mashine inaweza kumgeuza mtu yeyote kuwa mtu yeyote. Nipeni mimi hiyo maiki, niwe Yule wa Jumanne sasa hivi!"

Na alikuwa sahihi, hilo ndilo lililomvunja Kimya nguvu. Alijua kuliko mtu yeyote kwamba mashine inaweza. Ametoa siri yake, ametoa ya mama yake, na haikumtosha mtu kuwa ushahidi. Kesho fundi angehamishwa vile vile. Alimtazama Kelele kupitia kioo. Kelele akafungua simu nyingine, ili mradi pasiwe na kimya hewani.

"Haloo. Nipo redioni?"

Kimya alishika ukingo wa meza.

"Upo hewani, mama, karibu," Kelele alisema.

"Mimi ni mpiga pasi wa nyumba ya wageni. Mnaonijua mnanijua. Huyo binti nimemzaa mimi." Nyuma yake ilisikika redio yake mwenyewe, ikimrudia kwa kuchelewa, mpaka akaizima. "Mnasema sauti ni ya mashine. Hiyo sauti mimi nililala nayo kitanda kimoja. Ni ya mume wangu, marehemu. Majirani wa zamani, mnaomkumbuka, sikilizeni vizuri mniambie kama nasema uongo. Anavyosita kidogo kabla ya kila jambo, anavyolimeza neno la mwisho. Mashine imeyajulia wapi hayo? Mtoto alikuwa hajaanza hata kutembea baba yake alipokufa, haikumbuki sauti yake. Lakini alipoishusha sauti yake, alitoka baba yake."

 Kimya alihisi baridi ikipanda mgongoni, ile ile ya siku ya kwanza, na safari hii hakugeuka nyuma kutazama kiti.

"Siku ya kwanza nilipomsikia nilidhani nimeshikwa na wazimu," mama aliendelea. "Nilitoka nje na simu yangu, nikamtafuta kwenye mtandao, nikamsikiliza tena. Kila Jumamosi natoka nje namsikiliza. Maana alikuwa anasema ninavyo, nameza dawa, niko hapa. Mume wangu hakuyasema maneno hayo mpaka anakata roho. Angeyasema angekuwa hapa." Akavuta pumzi. "Nami ninavyo. Na fundi nilimkimbia pamoja na nyinyi, niliogopa mkituona pamoja mtahesabu wawili. Fundi, mwenzangu, nisamehe. Hukustahili."

Kelele alikuwa ameweka mikono yote miwili mdomoni.

"Mwanangu, bado upo?"

"Nipo, mama."

"Nilipokuwa na mimba yako nilimwomba baba yako twende tukapime. Nilimbembeleza. Akasema wanaokwenda kupima ni wenye makosa yao, na mimi nikiondoka kwenda huko nisirudi kwake. Sikwenda." Sauti yake ilipasuka, akaikusanya. "Irudishe kidogo ile sauti. Nataka nimsikie anasema twende. Mara moja tu. Halafu uizime, na usiiwashe tena."

Kelele alimtazama Kimya akisubiri. Kimya hakujua kama ni halali kumsemea maiti neno alilolikataa akiwa hai. Alijua tu kwamba mama yake amesimama kwenye chumba cha kupigia pasi na simu sikioni, na kwamba kama neno hilo lingesemwa wakati wake, Kimya mwenyewe asingekuwa na kopo la dawa kwenye mkoba. Akainua kiganja. Kelele akaishusha sauti.

Ilisita kidogo, kama kawaida yake.

"Mke wangu," ilisema, kwa kinyozi, kwenye duka la simu, kwenye chumba cha fundi chenye sare zisizo na wenyewe. "Twende tukapime."

 Mama alijibu kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

"Haya," alisema. "Ngoja nivae viatu."